Shauri la Mlima Mzima

Harufu ya wino wa muhuri hunirudisha Ujiji upesi kuliko harufu ya dagaa. Dagaa walikuwa kila mahali, wameanikwa mchangani hadi karibu na njia, na mawese yalichemka nyuma ya nyumba nyingi. Pua ya mtoto huzoea mambo hayo ikaacha kuyasikia. Wino wa zambarau ulikuwa wa baba peke yake. Alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo, mtu wa Singida aliyehamishiwa ziwani na serikali, na kila jioni alirudi na rangi hiyo kwenye kidole gumba. Alikuwa na desturi moja iliyojulikana na kila aliyefika pale: karatasi haikuondoka mezani kwake bila kugongwa muhuri wa IMEPOKELEWA. Iwe hati ya madai, iwe lalamiko juu ya mbuzi wa jirani, iwe ombi la likizo la mfagizi, zote aliziona sawa. Aliamini kwamba mtu aliyesubiri tangu asubuhi hastahili kurudi nyumbani na karatasi tupu. Bi Zaina, mfagizi mwenyewe, Muha wa Mwandiga ambaye hakumwogopa mtu, alimtania kwamba muhuri ule ungekuwa chakula, mji mzima ungekwisha kushiba.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja mwaka 1993, mvua za vuli zilipotujia pamoja na wakimbizi kutoka Burundi. Wengine walishuka mitumbwini na wengine walifika kwa miguu, wamelowa, wakiwa na sufuria moja au godoro lililokunjwa. Darasa letu liligeuzwa mahali pa kulala, nami nikawa nashinda mahakamani, nikimchongea baba penseli na kumpangia mafaili. Hapo ndipo nilipomwona Konsolata. Alikuwa na umri kama wa mama yangu, amevaa kitenge kilichofuliwa hadi maua yake yakapauka, na aliingia bila kusitasita kama mtu aliyeitwa. Hakujua Kiswahili ila maneno machache. Bi Zaina aliweka ufagio kando akawa mkalimani, kwa kuwa Kiha na Kirundi husikilizana.

Alisema ameleta shauri la watu waliouawa kwao. Mumewe alikuwa mushingantahe, yaani mmoja wa wazee wanaoaminiwa kuamua ugomvi wa watu wa mlima wao, maana kwao mlima ndio kijiji, na katika nyumba hiyo Konsolata alikuwa amejifunza mambo mawili. La kwanza, shauri hupelekwa kwa wasikilizaji walio karibu kabla halijapoa. La pili, anayekubali kulipokea amejifunga kuwaita na wa upande wa pili. Baba aliuliza ni nani aliyekufa. Mwandiko wangu ulikuwa ukisifiwa, hivyo akanipa karatasi mbili zenye mistari na kaboni katikati, akaniambia niandike majina. Niliandika mume, wakwe, mashemeji, majirani wa juu, majirani wa bondeni. Mkono ulipochoka niliunyoosha, Konsolata akaningoja kwa adabu, kisha akaendelea. Alipofika kwa kichanga ambacho hakikuwa kimepewa jina, nilimtazama baba nipate kujua la kufanya, naye akawa anatazama dirishani. Niliandika "mtoto wa Sabina".

Upande wa washtakiwa alitaja watu wachache tu, mmoja wao akiwa baba wa ubatizo wa mwanawe. Baba akashika kalamu. Alitaka kuyaunganisha majina ya kushoto na ya kulia, kama alivyofanya kila siku.

"Mwambie anitajie mmoja mmoja," alisema. "Fulani kamuua fulani. Sheria inataka hivyo."

Bi Zaina alitafsiri, akasikiliza jibu, akalileta. "Mzee, anasema hawakuja kumuua fulani. Walikuja kuumaliza mlima. Anauliza hivi: aliyeua mmoja mnamwita, aliyeua wote haitwi?"

Baba alifungua kitabu chake cha sheria za adhabu, akakipekua taratibu. Kulikuwa na wizi, kuchoma nyumba, kuua kwa kukusudia. Kosa la kuumaliza mlima hakuliona. Alijua pia mambo ambayo hakuyatamka: kwamba mahakama yetu haikuwa na uwezo wa kusikiliza hata mauaji ya mtu mmoja wa Ilagala, wilayani kwetu, sembuse ya watu walio ng'ambo ya mpaka. Alikuwa na kila sababu ya kumkatalia. Badala yake alizichukua karatasi zangu, akapuliza muhuri, akagonga zote mbili. Konsolata alipokea yake kwa mikono miwili, akainama, na kwa mara ya kwanza uso wake ukalegea.

"Umefanya nini, Mzee?" Bi Zaina aliuliza Konsolata alipokwisha kutoka.

"Nimepokea tu," baba alisema.

Siku ile ilikuwa Alhamisi, na kila Alhamisi iliyofuata Konsolata alirudi. Alikaa kwenye benchi, karatasi imekunjwa ndani ya kitambaa, akisikiliza majina yakiitwa. Wenye kesi za mashamba walimzoea, wakamsogezea nafasi. Kijana mmoja aliyeshtakiwa kwa kuiba nyavu alimwambia kwa utani kwamba angempa zamu yake kwa moyo mweupe kabisa, na Konsolata, Bi Zaina alipomtafsiria, alicheka akakataa, akasema kila mtu na shauri lake. Mara mbili baba alijaribu kumweleza ukweli, na mara mbili alianza na mpaka, akaishia kumuuliza kama amekula. Baadaye akawa anatoka kwa mlango wa nyuma. Alhamisi moja aliniagiza nimwambie hayupo. Nilisimama mbele ya Konsolata nikalisema hilo, na nyuma yangu, chumbani, baba akakohoa. Konsolata aliitikia kwa kichwa. Hakunitazama vibaya, na hadi leo natamani angenitazama vibaya.

Kisha malori yakaja kuwapeleka wakimbizi makambini, upande wa Kasulu. Asubuhi ya safari Konsolata alipita mahakamani na kifurushi kichwani. Baba hakuwa amefika, safari hii kwa kweli, na Bi Zaina alikuwa kisimani. Kwa Kiswahili alichokuwa ameokota benchini, akaniambia mimi: "Wakiita, sema nimehamishwa Kasulu. Wasiseme sikufika." Nilimwahidi. Lori lake lilishika njia ya Mwandiga na Kidahwe, na sikumwona tena.

Chuo kikuu nilisoma sheria. Mwaka wa tatu nilifundishwa kwamba mwanasheria mmoja, Myahudi wa Kipolandi, alipokuwa bado mwanafunzi aliuliza swali lilelile la Konsolata, na walimu wake hawakuwa na jibu. Baadaye, Vita vya Pili vya Dunia vikimwangamizia karibu ukoo wake wote, aliunganisha neno la Kigiriki na la Kilatini akalipa kosa hilo jina, tunaloliita sasa mauaji ya kimbari, na vita vilipokwisha alizunguka kwa wajumbe wa mataifa akiwasihi hadi likaandikwa katika mkataba. Nilihesabu miaka nikiwa darasani. Kosa alilolitafuta baba lilikuwa limekwisha kuandikwa wakati yeye ni mtoto mchungaji huko Singida. Ila kwenye kitabu chake halikuwemo. Nilikwenda hata Arusha, nikakaa nyuma ya kioo nikisikiliza mahakama ya kimataifa ikilitamka jina hilo. Lakini mahakama ile iliundwa kwa ajili ya nchi inayopakana na Burundi kaskazini, na kwa mauaji ya mwaka 1994 tu. Mlima wa Konsolata ulikuwa upande usiohusika.

Baba alipofariki nilikuta nakala ya kaboni katika sanduku lake, chini ya vyeti vyetu vya shule. Wino umefifia, mwandiko ni wangu. Leo nafundisha sheria, na ninaweza kuandika kichwa sahihi juu ya karatasi ile, vifungu vyote vikiwa mahali pake, jambo ambalo baba hakuweza. Sijapata mlango wa kuipeleka. Muhuri bado unasomeka, IMEPOKELEWA, na hakuna aliyeita. Wakiita, nitasema amehamishwa Kasulu.