Siku Steringi Alipoogopa

Fundi alizijua filamu zote za vita bila kuwahi kuona hata moja. Chumba chake cha kushonea kilipakana na banda la video la mjomba wake, na kilichovitenganisha ni bati moja tu, tena lenye matundu ya misumari. Mchana kutwa, yeye akikanyaga cherehani, upande wa pili panga ziligongana na farasi wakatimua mbio hadi mkasi ukatetemeka mezani. Farasi wakikimbia, mguu wake nao ulikimbia bila mwenyewe kujua, na sare za shule zikatoka na mishono midogo midogo ya kupigiwa mfano. Farasi wakishuka mtoni kunywa maji, cherehani nayo ikapunguza mwendo.

Juu ya kelele zote hizo ilitawala sauti ya Ngurumo. Huyu ndiye aliyekuwa mtafsiri wa banda. Alikaa kando ya skrini na maiki mkononi, akageuza maneno ya wageni kuwa Kiswahili, na pale asipoyaelewa akaweka ya kwake. Jina hakulipata bure. Alikuwa na kifua cha kusemea. Kwa miaka mingi Fundi alimsikiliza, na kwa mdomo wake akajua jinsi dunia ya filamu ilivyopangwa. Steringi, yule mkuu ambaye filamu yote ni yake, haogopi, haumwi, haombi maji. Mshale ukimwingia kifuani anauchomoa kama mtu anayetoa mwiba, kisha anacheka. Mwanamke yeye ni "mrembo" tu. Ngurumo alimpa sauti ya puani, nyembamba kama uzi, na kazi yake ilikuwa kupiga ukelele, "Niokoe, mpenzi!" Akikosa la kusema, Ngurumo alimsifia nyonga, na banda zima likapiga mluzi.

Fundi alimwigiza Ngurumo vizuri mno. Wateja waliokuja kupima nguo walimwomba, "Hebu tupe kidogo," naye, pini zikiwa mdomoni, akakoroma, "Nani amegusa farasi wangu?" mpaka mtu akaangua kicheko na vipimo vikaharibika.

Basi Jumamosi moja mchana, mjomba wake aliingia chumbani mbio mbio, jasho linamtiririka.

"Mpwa wangu, nifichie aibu."

"Kuna nini tena, Mjomba? Pazia limechanika?"

"Ngurumo amehama! Wamemchukua watu wa banda la ng'ambo ya barabara kuu, hata kuaga hakuaga. Humo ndani kumejaa, wameanza kugonga mabenchi. Filamu ni ile ya mji uliozingirwa. Wewe unaijua yote."

"Naijua kwa masikio. Sijaiona."

"Leo utaiona. Inuka, mwanangu, maji yamenifika shingoni."

Fundi akainuka vile vile alivyo, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Banda lilikuwa la giza na joto, limejaa wanaume bega kwa bega: wapagazi, wauza mitumba, mafundi wa gereji. Walipomwona anakaa kwenye kiti cha Ngurumo, kelele zikazuka.

"Jamani," akapaza sauti makanika mmoja aliyeitwa Spana, "leo tumekuja kuona vita au kupimwa suruali?"

 Fundi alishika maiki, akainamisha kichwa na kuanza kukariri. Ngurumo mtupu alimtoka kifuani: ile mikwaruzo, yale majigambo, ule mluzi. Kelele zikapungua. Mmoja akamwambia mwenzake, "Ukifumba macho ni yeye kabisa." Mjomba, aliyekuwa amesimama mlangoni, akashusha pumzi.

Wakafika mahali ambapo adui wanatokea bondeni na watu wanakimbilia ndani ya mji. Hapo Ngurumo siku zote alisema, "Mrembo huyooo! Anawahi uvunguni, kazi anamwachia mwanamume!" Fundi alifungua mdomo aseme hayo hayo, na kwa mara ya kwanza akainua macho kutazama skrini.

Mwanamke hakuwa anakimbia. Watu wote walikuwa wanaingia langoni, wenye mikuki wakiwa mbele, na yeye peke yake anatoka, anapenya katikati yao, anaburuta mkokoteni wa mbao.

 Farasi walikuja karibu, na maiki ikabaki kimya.

"Fundi, uzi umekatika?" Spana akauliza, watu wakacheka.

"Hakimbii," akasema Fundi, safari hii kwa sauti yake mwenyewe. "Jamani, huyu hakimbii. Tazameni miguu yake. Wanaokimbia ni wale wenye silaha. Yeye anatoka nje akalizibe lango kwa mkokoteni. Na anajua kwamba likishafungwa, hana pa kurudi."

Lango likafungwa. Mwanamke akabaki nje, mgongo kwenye mbao, akawatazama wanaokuja. Wengi mle ndani walikuwa wameiona filamu hiyo mara zisizohesabika. Wakasogea mbele kwenye mabenchi yao kama watu walioonyeshwa chumba kipya katika nyumba waliyozaliwa.

"Kumbe!" akasema mmoja.

Halafu picha ikahamia ndani, kwa steringi. Alikuwa amejibanza nyuma ya ukuta, anafunga mkanda wa upanga. Hapo nako Ngurumo alikuwa na maneno yake: "Steringi anapasha misuli! Leo kuna mtu atakula kwa mrija!" Lakini Fundi alikuwa mtu wa kutazama mikono, ndiyo kazi yake. Akaona vidole vinatafuta tundu la mkanda, vinalikosa, vinatafuta tena.

"Anaogopa," akasema.

Hapo banda likalipuka. "Steringi haogopi!" "Mrudisheni Ngurumo!" Spana akasimama kabisa, kivuli chake kikaziba nusu ya skrini.

"Fundi, usituharibie filamu. Mwanamume hujikaza kisabuni."

"Kaka yangu Spana, siku ile jeki iliyoteleza ukabanwa chini ya lori, ulikuwa unaimba?"

Kicheko kikapasuka huku na huku. Spana akajikuna kichwa, na kwa vile alikuwa mtu mkweli, akasema, "Nilimwita mama." Akakaa.

"Basi mtazame mwenzako," Fundi akaendelea polepole. "Mkono unamtetemeka. Mkanda umemshinda. Haya, ameupata. Ameufunga. Anaogopa, na anakwenda."

 Na steringi alipouvunja kwa teke mlango mdogo wa pembeni na kutokea nje, upanga juu, kumfuata yule mwanamke aliyekuwa bado anawazuia adui kwa mti wa mkokoteni, Fundi aliunguruma kwa nguvu zake zote, na banda zima likasimama. Benchi likaanguka na hakuna aliyeliinua. Hawakuwahi kumshangilia steringi namna ile, wala hawakuwahi kumshangilia mwanamke wa filamu hata siku moja.

Si kwamba wote walipenda. Wapo waliohamia ng'ambo ya barabara, wakisema hawawezi kutoa kiingilio kwenda kuangalia mtu anatetemeka. Siku chache baadaye Ngurumo mwenyewe alikuja, akasimama kwenye kizingiti cha chumba cha kushonea.

"Miaka yote unaniigiza, leo unanisahihisha?"

"Sikusahihishi, kaka. Nasema ninachokiona."

"Hujui wanachokuja kutafuta wale. Mtu amebeba magunia tangu asubuhi, bosi kamtukana mbele za watu, kanyamaza. Akija pale anataka kuwa simba, hata kwa kitambo. Wewe unamwambia simba naye anatetemeka?"

Fundi alisimamisha cherehani. Maneno hayo yalimwingia, kwa sababu aliwajua watu wale na suruali zao zilizochakaa magotini na mashati yao yaliyolika mabegani kwa mizigo.

"Hilo una haki," akasema. "Lakini kwani ili yeye awe simba, lazima yule dada awe mbuzi?"

Ngurumo alitaka kukasirika, kicheko kikamponyoka. "Una mdomo, wewe," akasema, akaenda zake. Hawakukubaliana, ila tangu siku hiyo Fundi aliwaachia mashujaa wake wangurume kwa muda mrefu zaidi. Alijua kuna mtu nyuma kabisa anayengurumia ndani kwa ndani.

Na zilikuwepo filamu ambazo hata yeye hakuweza kuziokoa. Ipo moja ambayo mwanamke amefungwa mnyororo mwambani tangu mwanzo hadi mwisho, mbwa mwitu wanamzunguka, gauni limechanika. "Tusidanganyane," Fundi akawaambia watu, "huyu hawakumpa kazi yoyote. Na gauni hilo halikuchanwa na mbwa mwitu, limechanwa na fundi mwenzangu, tena kwa mkasi mzuri." Katika nyingine, wanaume walivaa chuma kutoka shingoni hadi magotini, na mwanamke aliyepigana nao bega kwa bega akavaa chuma kilichoacha tumbo wazi. "Mimi ningekuwa adui," akasema, "nisingehangaika kutafuta pa kupiga." Kicheko kilichojibu kilikuwa na sauti za kike ndani yake. Wasusi wa saluni ya jirani walikuwa wameanza kuja, kisha wauza mboga, na Mjomba akalazimika kununua mabenchi yenye egemeo.

Mtu mmoja tu hakuja: baba yake. Alikuwa askari mstaafu, anaishi naye nyumba ile ile yenye chumba cha kushonea, na miaka yote, mabomu yakianza kulia nyuma ya bati, alichukua kiti chake akaenda kukaa mbali. Vita alivyopigana hakuvisimulia, na watoto wake walijifunza kutouliza.

Alasiri moja akaingia. Alivaa shati lililopigwa pasi, akakaa benchi la nyuma karibu na mlango. Mwanga wa skrini ulipompiga usoni Fundi akamwona. Ilikuwa filamu ya bunduki. Baada ya mapigano makubwa, steringi anambeba rafiki yake aliyekufa, anamlaza chini na kulia, tena kwa kirefu. Zamani Ngurumo alimwamuru Mjomba aipeleke picha mbele; machozi hayana biashara, alisema. Fundi aliacha picha iende.

"Analia," akasema kwenye maiki. "Tumwache alie."

 Banda zima lilimwacha alie.

Filamu ilipokwisha alimkuta baba yake nje, amesimama, kofia mkononi.

"Umeionaje, Baba?"

"Kelele nyingi," mzee akasema. "Na bunduki zao haziishiwi risasi. Sijui wanazinunua wapi."

Fundi akacheka. Mzee hakucheka. Aliigeuza kofia mara kadhaa.

"Lakini pale uliposema aachwe alie. Sisi tulikaa chini vile vile, mama. Tukalia, kisha tukambeba mwenzetu. Niliporudi nyumbani kila mtu alitaka nimsimulie tulivyopiga. Lile hakuna aliyeliuliza, nami nikaona si la kusema." Akaivaa kofia. "Leo umelisema mbele za watu, na mbingu haikuanguka. Nimefurahi ni wewe uliyelisema."

Maishani mwake mote Fundi hakuwahi kupewa maneno mengi hivyo na baba yake. Akamnyoosha kola ambayo tayari ilikuwa imenyooka.

Jumamosi iliyofuata mzee alifika mapema, akakaa benchi la mbele. Kijana mmoja mgeni, mwenye vumbi la saruji mikononi, alijipenyeza karibu naye filamu ikiwa imeshaanza, akashtushwa na ile sauti iliyotikisa spika.

"Mzee, ni nani huyo anayenguruma hivyo?"

Baba yake Fundi alinyoosha mgongo kama yuko kwenye gwaride.

"Binti yangu," akasema. "Na hapo bado hajachemka. Kaa, utamsikia."