Jumamosi ya Milango Miwili

Sisi tuliokulia Mwanza miaka ile ya soko huria, marobota ya mitumba yalipoanza kushuka mjini, tunajua Jumamosi ilikuwa na kazi zake. Asubuhi unafua sare, unachota maji, unasugua visigino kwa kipande cha jiwe. Mchana unatia michembe na karanga kwenye mfuko wa gauni unakwenda ukumbini. Michembe ile, viazi vilivyokaushwa juani, ilikuwa migumu kiasi kwamba ukiitafuna huku mchezo unaendelea jukwaani, mtu wa mbele anageuka kukutazama. Wajukuu zangu nikiwapa wanaigeuzageuza kama wanatafuta pa kuifungulia.

Ukumbi wenyewe tuliuita Jiweni, kwa sababu ulikuwa umeegemea jiwe kubwa, na mvua ikinyesha maji yalitiririka kutoka kwenye jiwe mpaka nyuma ya jukwaa. Ulikuwa ukumbi wa maigizo wa mkoa mzima. Watu walitoka Magu na Usagara kuja kutazama. Na aliyeandika karibu michezo yote ya pale alikuwa mjomba wangu Petro, mdogo wake mama, ambaye tulikaa naye nyumba moja.

Mimi nimesoma mpaka darasa la saba tu, kwa hiyo kama mjomba alikuwa mwandishi mkubwa au wa kawaida, siwezi kusema. Kazi yake ya kumpa riziki ilikuwa kuchora mabango ya maduka. Michezo aliiandika jioni, kwenye madaftari ya shule, vidole vikiwa bado na rangi. Alianza Jiweni akiwa kijana wa kufagia, akaomba kuandika kipande kifupi cha sikukuu, watu wakacheka mpaka wakapiga viti, na tangu hapo hakutoka. Meneja wa ukumbi alimfutia maneno kwenye michezo mara nyingi, wakanuniana wiki nzima. Lakini lazima niseme pia kwamba kiongozi mmoja alipochukia mchezo wake na kutaka afukuzwe, ni meneja huyohuyo aliyesimama na kusema maneno yale aliyapitisha yeye.

Kisha Bwana Shaabani akafungua banda la video ng'ambo ya barabara, mlango ukitazamana na mlango wa Jiweni. Hakuwa mtu mbaya. Watoto wasiokuwa na kitu aliwaacha wakae chini mbele. Ila ndani ya miezi michache viti vya Jiweni vilianza kubaki vitupu, na mfanyabiashara wa mitumba akaja kuuliza kama ukumbi unafaa kuwa ghala.

Meneja alikuja nyumbani kutuambia. Mama akampa kiti, nami nikamwamkia, "Shikamoo."

"Marahaba, Minza." Akamgeukia mjomba. "Petro, wakubwa wa mkoa wanasema ukumbi ujitegemee. Mimi nimechoka kuwajibu."

Mjomba akasema, "Tushindane. Kama ngoma."

Wasiojua ngoma zetu za Kisukuma niwaeleze. Vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, upande huu na upande ule, na hakuna jaji. Watu wenyewe wanahama. Ukiona umati unakukimbia, unatoa kitu kipya: hawa wakileta chatu, wale wanaleta fisi aliyefungwa kamba. Mwisho wa siku, mwenye watu wengi ndiye mshindi, na hakuna wa kubisha.

Mjomba alitaka Jumamosi moja, video na mchezo vianze pamoja, bure, milango yote miwili wazi, mtu akae anakotaka. Akishinda, wakubwa wamwachie ukumbi. Akishindwa, aseme kwa mdomo wake mwenyewe kwamba ukumbi uwe ghala. Meneja alikwenda kuwauliza, wakakubali. Bwana Shaabani naye akacheka. "Mzee Petro, mimi si Msukuma, lakini mchezo huo nimeupenda."

Mama peke yake ndiye aliyekataa. Aliacha kupepeta mchele. "Petro, mcheza ngoma akiona watu wanaondoka anatoa chatu. Wewe utatoa nini? Maneno yako si yameshaandikwa?"

"Ndiyo maana ni mazuri, dada," mjomba akasema.

Wiki ile nyumbani hapakukalika. Mjomba hakula vizuri, na ukiangusha kifuniko anaruka. Alikuwa ameandika mchezo mpya, ndugu wawili wanagombania mtumbwi wa baba yao aliye mgonjwa, na huyo baba mjomba alimwigiza mwenyewe. Ijumaa aliniita. "Minza, wewe na wenzako mtakaa mstari wa mbele. Msinyanyuke. Mtoto akinyanyuka, mama yake anamfuata."

Nikasema, "Ndiyo, mjomba." Nilikuwa na miaka kumi na moja, na niliona nimepewa kazi kubwa.

Siku ilipofika Jiweni palijaa, hata madirishani walikaa watu. Mwanzo ulikwenda vizuri. Yakobo, aliyekuwa mmoja wa wale ndugu, alivaa koti la mitumba lenye mikono mirefu na kila akitaka kumtisha mwenzake mkono unamfunika kiganja. Tulicheka sana. Kisha ikaja sehemu ya baba. Mjomba alilala kwenye mkeka na kuanza kueleza alivyouchonga ule mtumbwi, mti aliupata wapi, nani alimsaidia kuuburuta. Aliongea polepole, kama mgonjwa kweli. Na ng'ambo ya barabara ngumi za kwenye video zikaanza kulia. Watu wa video wakapiga kelele wote kwa pamoja, kama mpira umeingia golini.

Mstari wa nyuma ukaanza kupungua. Hili nina hakika nalo, kwa sababu niligeuka nikaona. Yakobo naye aliona. Aliinama kama anamfunika baba yake shuka, nasi wa mbele tukamsikia akinong'ona, "Kaka, turuke hapa. Twende kwenye ugomvi."

Mjomba hakufungua hata macho. "Baba hajamaliza kusema."

Yakobo akarudi mahali pake. Jasho lilikuwa linamtoka.

Sabina, rafiki yangu, akanigusa kiwiko. "Twende tukachungulie tu. Tunarudi." Nikatikisa kichwa. Kelele zikaja tena, kubwa kuliko za kwanza. "Wewe kaa na mjomba wako," akasema. Lakini hakunyanyuka. Walikuwa wananisubiri mimi, wote, kwa kuwa mimi ndiye niliyewapanga.

Nikasimama.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Sikuwa na haja ya kwenda chooni, ingawa mama nilimwambia hivyo. Nilisimama kwa sababu nilitaka kuona. Mstari wetu wote ukasimama, akina mama wakaanza kuita majina, kisha wakatufuata. Nilipopita mbele ya jukwaa mjomba alikuwa amefungua macho. Alinyamaza mpaka nikapita, kama mtu anayempisha mwenzake njiani, kisha akaendelea na habari za mtumbwi.

Na video ilikuwa tamu. Siwezi kudanganya. Kulikuwa na mtu anaruka kutoka paa hili hadi paa lile, nikafurahi mpaka nikasahau nilikotoka.

Tulipotoka hakukuhitajika mtu wa kuhesabu. Mjomba alimaliza mchezo wote, hakukata neno, mbele ya mama yangu na wazee wachache. Halafu akavuka barabara akiwa bado na shuka ya ugonjwa begani, akampa Bwana Shaabani mkono, akamwambia meneja, "Wape ghala."

Hakunigombeza. Siku ya tatu aliniuliza, "Yule wa kwenye video, kwa nini alikuwa anakimbia?" Nikasema sijui, walikuwa wanaongea Kichina. Akasema, "Ulikaa mpaka mwisho bila kujua?" Hakusema kwa hasira. Alitaka kuelewa. Alichora mabango mpaka macho yakamchoka. Mchezo hakuandika tena.

Pengine ukumbi ungekufa hata ningekaa. Mstari wa nyuma ulishaondoka, na wakubwa walishaamua nusu. Yakobo, tulipokutana Kiseke akiwa mzee, aliniambia niache kujipa ukubwa. Inawezekana anasema kweli. Lakini wa mbele, wa kwanza kusimama, nilikuwa mimi.

Siku hizi mjukuu wangu akichoshwa na kitu kwenye simu anakisukuma kwa kidole gumba, kinakuja kingine, na hicho nacho hakidumu. Simlaumu, mimi nilikuwa hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba yeye hatajua amemwacha nani. Sisi ilibidi tunyanyuke kitini, tupite mbele ya mtu na michembe yetu mfukoni, na yule tunayemwacha alikuwa anatutazama usoni.