Siku Niliyoitikia Amina na Chapati Mdomoni

Jamani, aibu hii nimekaa nayo mwaka wa saba sasa, na mpaka leo nikifika karibu na kile kijiwe cha bodaboda jirani na kanisa letu la zamani, kule Chamazi, navuka barabara napitia upande wa pili kama mtu aliyeiba kuku (na wale vijana wa enzi zile wengi wameshahama, waliopo hata hawanijui, lakini miguu inajivukia yenyewe). Naisimulia kwa sababu mke wangu amenipa ruhusa, tena kasema nikipunguza hata kidogo atasimulia yeye, na akisimulia yeye nitakoma.

Mie kazi yangu ni vitanda. Nina banda la useremala Keko, na miaka ile nilikuwa nasifika kwa vitanda vya maharusi, vile vya mninga vyenye maua ya kuchonga kichwani, na bwana harusi akija kuchukua cha kwake nilikuwa nampigapiga begani namwambia, "Nenda kale raha, braza." Sasa fundi huyohuyo, kwangu nyumbani, mwezi wa nane ulikuwa unakatika na kitanda ni cha kulalia tu. Sizunguki: nguvu za kiume zilinikimbia. Nilikuwa na miaka arobaini na mbili, presha imeshaanza kunisumbua, na kila nikijaribu ninaambulia aibu, mwisho nikaanza kujifanya nimechoka, nikila tu nakimbilia kulala, naanza kukoroma hata usingizi wenyewe haujafika.

Mke wangu, Mama Anna, hakuwahi kuninyooshea kidole. Ni mtu wa maombi tangu nilipomfahamu kwenye kwaya ya vijana kule Masasi, na siku moja akaniambia tu, "Baba Anna, kesho naanza mfungo, siku ishirini na moja, kwa ajili ya nyumba yetu." Hakusema zaidi, na mie sikuuliza maana nilidhani najua anaombea nini. Ila roho iliniuma kumwona anawapikia watoto mchana kutwa na yeye hata maji hagusi, kwa hiyo siku ya tatu nikamuaga kwamba naenda Mwenge kuangalia mbao za mpingo (mie na mpingo wapi na wapi!), nikaenda hospitali.

Daktari nikamkuta ni mama wa makamo. Nilikuwa nimejiandaa kukutana na mwanamume mwenzangu, basi dakika tano za mwanzo nikamweleza naumwa mgongo. Akaandika, akaweka kalamu chini, akauliza taratibu, "Na nyumbani na mama, mnaendeleaje?" Nikamwaga yote. Akanipima presha, akapima sukari, akanibadilishia dawa ya presha, akanipa na vidonge vya tatizo lenyewe na namna ya kuvitumia, akamalizia kwa kusema, "Ukirudi uje na mama. Hili ni la watu wawili." Nikaitikia sawa daktari, na moyoni nikasema thubutu.

Mnielewe kwa nini. Kanisani kwetu kuna mzee wa kanisa mmoja alikuwa amefundisha kwenye semina ya wanandoa, kwamba dawa ya presha, ya malaria, hizo ni tiba, lakini Mkristo anayemeza kidonge ili aende kwa mkewe huyo ameleta uhuni kwenye kitanda kitakatifu. Watu waliitikia, na Mama Anna aliandika kwenye daftari lake, nilimwona. Kwa hiyo vidonge vyangu vilikaa Keko, ndani ya kopo la skrubu.

Siku ya kumi na tisa ya mfungo ilikuwa Jumamosi, watoto wako mazoezi ya kwaya, mie nimetoka Keko nimeshameza kimoja, na mambo yakajibu. Sitaeleza zaidi ya hapo. Kesho yake asubuhi nimekaa mkekani kibarazani nakunywa chai, namsikia Mama Anna anasukuma chapati huku anaimba, na hapo ndipo nilipogundua kwamba miezi yote ile jikoni kwetu kulikuwa kimya. Jamani ile sauti. Hata leo tuna nyumba yenye jiko la gesi na makabati, lakini nikitaka kuwa na furaha nafumba macho narudi kwenye kile kibaraza, moshi wa mkaa, na Mama Anna na kanga yake ya njano anaimba sauti ya pili peke yake.

Akaniwekea chapati ya tatu, akasema macho yanamng'aa, "Baba Anna, Bwana ametenda."

Nilikuwa na majibu mawili. Moja ni "Mke wangu, kaa chini nikwambie kitu." La pili ni "Amina." La pili lilikuwa fupi na mdomo ulikuwa umejaa.

Jumapili iliyofuata ikawa ni siku ya akina mama, na mke wangu akasimama kushuhudia bila kuniambia. Kanisa letu wakati ule lilikuwa la mabati, chini mchanga, lakini tulikuwa na spika nne, mbili ndani na mbili zimefungwa juu ya nguzo zinatazama barabarani, maana mchungaji aliamini wapita njia nao wanahitaji Neno. Sasa wapita njia siku hiyo walipata. "Mume wangu alikuwa amekufa ganzi miezi minane," mke wangu alisema na kipaza sauti kimemgusa mdomo, "na sasa yu hai!" Kanisa zima vigelegele, mie nimeinamia viatu vyangu, na nilipotoka nje kijiwe kizima cha bodaboda kilisimama. "Baba Ufufuo, shikamoo!" Jina likashika. Hata muuza maji alikuwa ananiita hivyo.

Ningeweza kuvumilia. Kwa kweli ningevumilia maisha yangu yote, maana mke wangu alikuwa amechangamka, wanawake wanakuja nyumbani na majina ya waume zao kwenye vikaratasi, mchungaji akamkabidhi huduma ya kuwaombea wanandoa, na mie kila ninapotaka kusema namwangalia ile furaha nashindwa. Tatizo likawa Baba Kulwa. Huyu ni fundi makochi, rafiki yangu, tunatumia banda moja Keko na kanisa moja Chamazi, na ana sukari. Siku moja akaniinamia sikioni, "Na mie lile tatizo lako ninalo. Nimetupa vidonge vya sukari, naingia kwenye maombi ya Mama Anna kama wewe." Nikamwambia usitupe dawa wewe. Akacheka, "Mbona wewe hukunywa?"

Haikupita wiki mbili nikamkuta amekaa chini kaegemea kochi, kamaliza dumu la maji, macho mazito, maneno hayatoki vizuri. Tukamkimbiza zahanati, sukari imepanda vibaya mno, wakampeleka hospitali kubwa. Alipopata nafuu nikaenda kumwona, na kitu cha kwanza aliniuliza, bila ubaya wowote, "Sasa mie nilikosea wapi kwenye maombi, ndugu yangu?"

Nikatoka pale nimeamua. Mtu mwenye akili angeenda moja kwa moja kwa mkewe. Mie nilifika nyumbani Jumamosi jioni, nikamkuta anapiga pasi kitenge chake cha kuongozea maombi kesho yake, nikasema acha amalize kupiga pasi, na alipomaliza nikasema acha ale.

Basi Jumapili, wakati wa shuhuda, nikasimama. Kabla sijapokea kipaza sauti nikamnong'oneza Sista Happy wa mitambo ya sauti, "Zima za nje, tafadhali, haya ni ya ndani." Akaitikia kwa kichwa, akabonyeza, spika za ndani zikanyamaza. Alikuwa amezima za ndani. Za nje ziko hewani, na mie nikadhani kazima zote, kanisa lenyewe dogo, sauti yangu inafika, nikastarehe nikaongea kama niko sebuleni.

Nikasema nilienda hospitali. Nikasema nilimeza kidonge. Nikasema Baba Kulwa yuko kitandani kwa ajili ya uongo wangu, na yeyote aliyeacha dawa arudi akanywe leo hii. Ningeishia hapo ningekuwa salama kidogo, lakini nilikuwa nimeshafunguka, nikaendelea mpaka kopo la skrubu, nikasimulia siku ya kwanza nilivyokunywa uso ukawaka moto, pua ikaziba, kichwa kikagonga nikadhani Mungu ananiadhibu. Mama Anna alikuwa benchi la mbele. Akasimama, akatoka nje asinisikie, na huko nje ndiko alikonisikia vizuri zaidi, kutoka juu ya nguzo mbili, na bodaboda wote wamezima injini wanasikiliza pamoja naye.

Yule mzee wa semina akasimama, "Mchungaji, huyu anatangaza dawa za tamaa madhabahuni!"

Mchungaji wetu (siku hizi wamemhamishia mbali, namkumbuka sana, mtu mwembamba mwenye koti kubwa) akainuka polepole akasema, "Mzee wangu, ndoa nyingi humu nimefungisha mie. Wote niliwaapisha kutunzana katika afya na katika ugonjwa. Sikumbuki niliongeza 'isipokuwa ugonjwa huu.'" Halafu akanigeukia. "Maombi si kosa, dawa si kosa. Kosa lako umemwachia mkeo aende mbele za Mungu na nusu ya habari. Mfuate."

Nikamfuata, nikipita katikati ya kijiwe. Wawili waliniuliza kwa heshima zote hospitali ni ipi, na mmoja wao alikuwa yule aliyenipa jina.

Mama Anna hakugomba, na bora angegomba. Nilimkuta kibarazani amekaa na kitenge chake kizuri, akaniambia, "Kwa hiyo ni kidonge."

"Mke wangu, nisamehe, niliogopa utasema sina imani."

"Mie sikufunga kwa ajili ya mwili wako, Baba Anna. Nilifunga kwa sababu nilijua hunitaki tena. Siku ile nikasema Mungu kanirudishia mume. Kumbe dawa tu. Hata mwanamke mwingine yeyote, dawa ingefanya kazi."

Niliapa, nikaeleza, hakuniamini, na mie mwenyewe nisingejiamini. Wiki mbili tukaongea habari za chumvi na ada za shule tu. Mwisho nikamwomba kitu kimoja, twende wote kwa yule daktari, na akakubali, naona kwa kuchoka. Alikaa pale ameshika pochi kwa mikono miwili, akangoja daktari amalize kueleza mambo ya presha na mishipa, akauliza swali lake moja.

"Daktari, kama hanitaki, hiyo dawa si inafanya kazi tu?"

"Haifanyi, mama," daktari akajibu. "Kile kidonge kinasaidia damu ipite, basi. Hamu hakina. Mtu asiyemtaka mwenzake atameza, ataumwa kichwa, atalala. Hiyo ya kukutaka alikuja nayo mwenyewe. Siku ya kwanza alipokuja hapa alilia kwa sababu hiyo."

(Hilo la kulia sikuwaambia. Nilisema akisimulia mke wangu nitakoma, basi ni hilo.)

Mama Anna akanigeukia, machozi yanamtoka, akasema mbele ya daktari, "Mjinga wewe." Ni neno zuri kuliko yote niliyowahi kuambiwa na mtu.

Baba Kulwa alipona na vidonge vyake anakunywa. Mie nimeapa, na kiapo nimekishika, kwa daktari siendi peke yangu tena hata kwa mafua. Watu wananiuliza kama zile spika bado zinaniuma. Zile ziliniuma mwezi mmoja. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba miezi minane mke wangu, na miaka yake thelathini na sita na sauti ile, aliamka kila asubuhi kwenye kitanda nilichokichonga kwa mikono yangu akijua hapendwi, na mie nilikuwa hapohapo pembeni yake, nampenda, nimekaa kimya.