Maji ya Kaburi la Mjomba

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa hivi, enzi za Mwingereza, nilirithi mikorosho ya mjomba wangu kule Kitangari. Mjomba hakuacha mtoto, na kwetu mali ya mjomba huenda kwa watoto wa dada yake. Lakini aliniachia kwa sharti. Kabla korosho ya kwanza haijaokotwa, nishuke bondeni peke yangu, nichote mtungi wa maji, niupandishe mlima bila kuutua wala kusema neno, nikayamwage yote kaburini kwake. Nikifungua mdomo njiani, mikorosho itakauka, nami nitaifuata.

Kumwaga maji! Kwetu huko juu maji yalikuwa ya kuchotwa mbali bondeni, na Mjomba huyo huyo, alipokuwa hai, alinikaripia nikinawa mikono yote miwili.

Baba alikuwa mwalimu wa misheni, Masasi. Alipopata habari alituma barua: mtoto wake hatamwagia kaburi maji. Mama aliikunja. Bibi, mama yake Mama, ndiye aliyeamua.

"Huyu ni wa kwetu," alisema. "Barua haizai korosho."

Asubuhi akaniwekea ngata kichwani na mtungi mdogo juu yake. "Ukikutana na mtu, usimjibu."

"Hata akiwa mkubwa?"

"Hata nikiwa mimi."

Kushuka hakukuwa kazi. Kupanda ndiko kulikonitoa roho. Shingo ilitetemeka, maji yakanichuruzika mgongoni, na niliogopa hata kukohoa. Katikati ya mlima nikaona mtu anateremka kwa haraka, suruali yake nyeupe imejaa vumbi jekundu. Alikuwa Baba. Alikuwa amefika nyumbani kwa baiskeli, akaambiwa niko bondeni.

"Mwanangu, tua huo mtungi."

Nilisimama. Sikuwahi kukutana na Baba asubuhi nisimwamkie. Goti langu lilianza kukunjika lenyewe, maji yakamwagika kidogo, nikalinyoosha kwa hofu.

"Humsalimii baba yako?"

Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililoniumiza. Nilitazama viatu vyake, nikamzunguka, nikapita.

Alinifuata nyuma. Kwenye mawe yanayoteleza nilipepesuka. Kwa pembeni nikaona mkono wake umenyooka kunidaka, kisha ukarudi. Kumbe naye alikuwa akilijua sharti, na hakutaka kuniharibia.

Nilifika kaburini, nikayamwaga maji yote. Bibi, aliyekuwa akinisubiri hapo, akapiga vigelegele. Niligeuka mbio, nikapiga magoti mbele ya Baba.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba," alisema, akaenda kuchukua baiskeli yake.

Mikorosho ilizaa, nami sikufa. Wapo wanaosema ni kwa kuwa nilishika sharti. Sijui, na siwezi kuwacheka. Miaka mingi nilidhani Mjomba alitaka maji. Leo, nikiwa bibi wa watu, naona alitaka kujua kama mtoto wa dada yake atasimama upande wa ukoo wa mama yake. Nilimjibu pale mlimani, na Baba alisikia jibu langu.

Baba alinisomesha, akanipenda mpaka anaingia kaburini. Ila tangu siku ile hakunikataza tena jambo lolote. Kila nilipomwomba ruhusa, alinijibu, "Kawaulize wa kwenu." Nilikuwa na miaka tisa tu, na bado nilihitaji baba wa kunikataza.