Nilikaa Nao Nyuma ya Ndege

Siku yangu ya kwanza kazini niliikalisha ndege kwa mkia wake. Msicheke. Nilikuwa kijana wa Lorugum, nimetoka ukuruta juzi tu, nikaonyeshwa rundo la magunia ya unga na kuambiwa pakia. Ndege ya mizigo ya jeshi mlango wake uko nyuma, chini ya mkia, nao hushuka mpaka ardhini ukawa njia ya kupandia. Sisi tuliuita rampu. Nikaona ya nini kuhangaika mpaka mbele? Nikapanga magunia pale pale mlangoni, safi kabisa, hadi gurudumu la mbele likainuka na ndege nzima ikaketi.

Sajenti Mkuu wa shehena alikuwa mtu mfupi kutoka Taita, mwenye sauti ya kusikika kambi mbili. Hakukimbia. Alitembea polepole, akaizunguka ndege, kisha akaniita.

"Wewe Mturkana! Kwenu mnapakia punda?"

"Ndiyo, afande."

"Mzigo wote unamwekea matakoni?"

"Hapana, afande."

"Basi ndege ya serikali imekukosea nini?"

Wenzangu walicheka mpaka wakashika mbavu, na jina la Punda likaniganda mwaka mzima. Lakini somo liliingia. Ndege ina kitovu chake cha uzito, yaani mahali ambapo ungeweza kuining'iniza kwa kamba moja ikatulia bila kuinamisha pua wala mkia. Mzigo mzito hukaa karibu na kitovu hicho. Ukikosea, rubani atavuta usukani weee, na ndege itafuata akili zake yenyewe. Anayepanga hayo yote, akafunga mzigo kwa mikanda na nyavu kwenye pete za sakafuni, ndiye lodimasta. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu.

Nilianzia kwenye ndege za Caribou. Zilikuwa na injini za pistoni, zinakohoa moshi asubuhi, na kila aliyezikaribia alirudi nyumbani ananuka oili. Baadaye zikaja Buffalo, zenye injini za turbaini, na hapo tukajiona wafalme. Buffalo ilitua mahali ambapo leo dereva wa pikapu angeomba apewe njia nyingine. Kelele zake ndizo zilizonila sikio. Ukinisalimia upande wa kushoto usidhani nina maringo; huko hakuna kitu.

Kazi nyingi ilikuwa huku kaskazini. Mapipa ya dizeli ya vituo vya polisi, mahindi wakati wa kiangazi, madawa, mahema, na siku moja fahali wa maonyesho aliyenikojolea buti kutoka Nairobi hadi Lodwar. Kakuma tulitua kwenye changarawe, na kabla ya kutua ilibidi tupite chini mara moja ili mbuzi watoke kiwanjani. Rubani wetu wa miaka mingi, Meja mmoja mpole sana, hakuchoka na utani wake.

"Lodimasta, hawa mbuzi ni wa mjomba wako?"

"Wote, afande."

"Mwambie mjomba nikikanyaga mmoja, tunamla."

Tulizungumza kupitia vipokea sauti vya masikioni, maana yeye alikuwa mbele na mimi nyuma, na katikati yetu shehena. Hilo raia wengi hawalijui. Wanadhani wanajeshi wa ndege hukaa pamoja wakipiga soga. Lodimasta hukaa peke yake nyuma, kwenye kiti cha turubai kilichokunjuliwa ukutani, na baridi inampiga miguuni. Nilikuwa na mke mzuri na watoto watatu, lakini ukijumlisha maisha yangu, wenzangu hasa walikuwa magunia.

Tena kulikuwa na ile shehena nyingine. Askari akifa, maiti yake hurudishwa kwao, na huku kwetu barabara wakati huo ilikuwa jina tu, kwa hiyo alirudi kwa ndege. Kwa kanuni, jeneza ni mzigo kama mzigo mwingine: linapimwa, linapangiwa nafasi, linafungwa mikanda. Mara ya kwanza nililifunga vizuri, nikageuka kurudi kitini kwangu. Sajenti Mkuu akanishika bega.

"Unakwenda wapi?"

"Kukaa, afande."

"Kaa naye."

Hakutoa sababu, nami sikuomba. Tangu siku hiyo sikuwahi kumwacha hata mmoja. Meja akiuliza kutoka mbele nimebeba nini, nilijibu, "Abiria mmoja, afande, ameshakaa." Naye hakuniambia hata mara moja, "Sema mzigo."

Kwa kuwa mimi ni Mturkana, marehemu waliokuwa wakiletwa Lodwar nilipewa mimi. Mkubwa wa kituo, Kanali mmoja aliyependa mambo yaende sawa, aliniambia, "Wewe utajua cha kuwaambia watu wenu." Cha kuwaambia! Rampu inashuka, vumbi linaingia, mbele yako kuna ukoo mzima umesimama juani tangu asubuhi, na wa kwanza wanayemwona ni wewe. Hakuna cha kusema. Nilipiga saluti, tukashusha, tukaondoka na injini hata hazijazimwa.

Mmoja wao aliitwa Ewoi. Aliuawa mpakani, askari mdogo kabisa, ndevu bado. Watu wake walitoka Namoruputh wakasubiri kiwanjani Lodwar. Rampu iliposhuka, mama yake alipita katikati ya maafisa wote, akaja mpaka miguuni pangu, akachota mchanga akanirushia usoni. Sikujipangusa. Nilisimama na mchanga wangu mpaka tukaruka, na huko juu ndipo nikalia, kwa sababu nyuma ya ndege hakuna anayekuona.

Nilistaafu zikiwa zimeanza kuja ndege ambazo kompyuta ndiyo inakuambia kitovu kiko wapi. Nzuri sana, sina ubaya nazo. Mke wangu alifariki mwaka uo huo, watoto wakawa na maisha yao, wawili Nairobi na mmoja Mombasa, nami nikajenga nyumba Lodwar ili nizeeke kwetu. Nilidhani nitakuwa mzee wa mtaa, naulizwa habari za ndege, naombwa kuhukumu ugomvi wa mipaka ya viwanja.

Loo! Nilikuwa sijui ninajulikana kwa lipi. Nikiingia dukani, mazungumzo yanakatika. Nikimsalimia mtu "Ejok," ananijibu huku macho yake yakitafuta nyuma yangu, kana kwamba nimekuja na kitu. Mjane mmoja wa Nakalale alinigeuzia mgongo kwenye foleni ya benki. Familia nyingi za huku, siku waliyompoteza mtu wao, sura waliyoiona ilikuwa yangu. Wazee wa kwetu Lorugum walichinja mbuzi, wakanipaka yaliyomo tumboni mwake ili kunitakasa na mauti niliyobeba, wakasema yameisha. Kwa Mungu labda yaliisha. Sokoni hayakuisha.

Na mama yake Ewoi, ambaye watu bado humwita Mama Ewoi, alikuwa amehamia Lodwar. Anauza chai karibu na stendi. Siku ya kwanza niliketi kwenye benchi lake bila kujua. Aliponitambua alisimama na birika mkononi, hakumimina, hakuweka chini, mpaka nikainuka mwenyewe nikaenda zangu. Tangu hapo nilizunguka nyuma ya maduka ili nisipite mbele yake. Mzee mzima, mwanajeshi, nazunguka maduka! Lakini nilijua nini kinanikosesha usingizi. Wengine wote wangenikataa ningevumilia. Huyu mmoja nilitaka anijibu salamu.

Niliposhindwa, nilihamia Kakuma. Huko, nikawaza, watu wametoka kila pembe, nani atamjua lodimasta? Na kweli hakuna aliyenijua. Nilipanga chumba nyuma ya duka la Msomali mmoja mwenye malori, mtu wa heshima sana, Abdi. Aliniuliza zamani nilifanya kazi gani.

"Nilibeba mizigo," nikamwambia.

"Mimi pia, mzee. Mgongo unauma?"

"Mgongo uko sawa."

"Basi hukubeba," akasema, akacheka, nami nikacheka naye. Nilikaa huko nikisikiliza Kiswahili cha Kongo, Kiarabu cha Juba na sheng ya vijana, na ndege za misaada zikipita juu nilikuwa nazitambua kwa sauti kabla hazijaonekana, kwa sikio langu moja, na hakuna wa kumwambia. Halafu nikaugua malaria. Nikalala chumbani mle, maji yakaisha, homa ikapanda, na hakuna aliyebisha. Abdi alikuwa safarini. Majirani walidhani nimehama. Nilipopata nguvu ya kufungua mlango, upweke ukanishika kweli. Lodwar waliniogopa, lakini Lodwar walijua nipo. Nikapanda gari la kurudi.

Vijana wanaojiunga na jeshi huja siku hizi kuniuliza kama kazi hii inafaa. Huwa nawaambia inafaa. Mshahara unakuja, unaona nchi yote kutoka juu, na mizani utajifunza. Kisha nawaambia wafikirie pia watakapokaa wakimaliza, maana mimi sikufikiria. Kazi inakuvisha sura mbele za watu, na siku ya kustaafu unarudisha buti na koti lakini sura unabaki nayo. Wananiitikia kwa adabu. Najua hawasikii, nami katika umri wao nisingesikia.

Jumapili moja baada ya ibada nilikuwa uani natengeneza kiti. Geti likafunguliwa. Nikainua macho, nikamwona Mama Ewoi amesimama, shanga shingoni, kitambaa cha kanisani kichwani. Nikaiweka nyundo chini.

"Afande."

"Mama Ewoi. Karibu ukae."

"Sikai. Nauliza kitu moja tu, naenda."

"Uliza."

"Ile siku. Huko juu, nani alikuwa na yeye?"

"Mimi."

"Wewe ulikuwa mbele na dereva."

"Kazi yangu haikai mbele, mama. Nilikuwa nyuma. Nilikaa chini kando yake, mkono wangu juu ya sanduku."

"Safari yote?"

"Yote."

"Huko nyuma kuna baridi?"

"Kuna baridi sana. Nilimfunika."

"Na nini?"

"Na koti yangu. Nilijua haimsaidii. Lakini nilimfunika."

Akakaa. Hakutafuta kiti, alikaa pale pale mchangani, na kitambaa chake cha kanisani. Mimi nami nikashuka nikakaa, magoti yakilalamika.

"Ulisema kitu na yeye?"

Hili hata marehemu mke wangu sikumwambia. "Nilimwonyesha njia. Kuna dirisha dogo pale. Nilikuwa namwambia, sasa tuko juu ya Baringo. Sasa ile ni Kerio. Sasa tumefika kwetu, Turkwel ndio hiyo, na maji iko."

"Kwa Kiturkana?"

"Kwa Kiturkana."

Alilia basi, kilio cha kina mama wa huku, hakina haraka. Sikumwambia anyamaze. Alipomaliza alijifuta kwa upindo wa shuka.

"Mimi miaka hii yote nilikuwa najua alikuja kama gunia," akasema. "Nikikuona naona ule mtu alishusha mtoto yangu kama gunia. Na niliogopa kuuliza. Ukisema ndio, mimi ningefanya nini?"

Tulikaa. Mbuzi wa jirani aliingia akaanza kula vipande vya kamba ya kiti changu, na hakuna aliyemfukuza.

Kisha akaitazama nyumba yangu, mlango, dirisha lililofungwa, sufuria moja iliyoanikwa.

"Na wewe unaishi na nani hapa?"

"Peke yangu."

"Watoto?"

"Nairobi. Mmoja Mombasa. Wanapiga simu."

"Ukikufa, nani atakaa na wewe?"

Jamani. Katika watu wote niliowasindikiza, na wote niliowashushia wapendwa wao, hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo, hata mimi mwenyewe. Nikajaribu kufanya mzaha. "Majirani watanikuta tu, mama."

"Jirani gani? Wote wanakuogopa."

"Basi nitanuka wajue."

Hakucheka. Aliinuka, akakung'uta mchanga, akafika getini, akasimama bila kugeuka.

"Ukiugua, tuma mtu aniite. Mimi niko stendi kila siku. Usingoje mpaka ufe ndio nikuje kukaa na wewe."

Nikasema ndiyo.