Sampuli ya Mama Iliyowaka Kijani

Kazi yangu maabarani, pale Bagamoyo, ilikuwa kuangalia seli. Zilikuwa seli nyeupe za damu ambazo wakubwa zangu walizipachika kipokezi cha kutengenezwa, kitu kama pua, ili zikikutana na kirusi cha homa ya mafua zikitambue na kuwaka kijani. Tumaini lilikuwa kwamba siku moja zingetibu pia. Wakati ule ziliwaka tu, na mara nyingine ziliwaka bila sababu yoyote, kwa ukaidi wao.

Mama alijitolea kutoa sampuli kama wenzake wa mtaani, akaweka dole gumba kwenye fomu. Alikuwa na kamasi na kikohozi kidogo. Mdogo wangu alikuwa amejifungua Mapinga, na mama ndiye aliyekwenda kila asubuhi kumkanda kwa maji ya moto na kumwogesha mtoto. Zilibaki siku sita arobaini itimie na mtoto atolewe nje. Wa kumtoa alikuwa mama. Kanga ya siku hiyo alikwishanunua.

Sampuli tulizipima kwa namba, bila majina, na majibu hatukuruhusiwa kuyatoa kwa mtu, kwa kuwa kipimo kilikuwa bado cha majaribio. Lakini pua ya mama niliipangusa mwenyewe, na namba yake niliijua. Iliwaka. Sehemu ya sampuli ikapelekwa Dar kwa kipimo cha kawaida, ambacho majibu yake yalichukua zaidi ya wiki.

Jioni nilimwamkia, akaitikia huku akikunja nguo. Nikamwambia ana homa ya mafua, asimguse mtoto mpaka kikohozi kiishe kabisa. Hakubisha.

"Una hakika, mwanangu?"

"Nina hakika, mama."

Sikuwa nayo. Ningeweza kumwambia kwamba seli zetu huropoka, nikamwachia aamue. Niliogopa asubuhi angepanda gari la Mapinga, na kusema kweli, nilipenda kusikilizwa.

Siku ya arobaini bado alikuwa akikohoa. Mtoto alitolewa na mama mkwe wa mdogo wangu, akiwa amejifunga kanga ile ile, maana mama aliipeleka kwa mkono wangu. Aliziangalia picha kwenye simu yangu moja baada ya nyingine, akasema kanga imemkaa vizuri yule bibi.

Siku tatu baadaye majibu ya Dar yalifika. Kirusi cha homa ya mafua hakikuwamo. Niliandika kwamba seli zimekosea, na wakubwa zangu wakafurahi, kwa sababu kosa lile liliwaonyesha pa kurekebisha kipokezi.

Mama hajui. Akija mgeni humpakatisha mjukuu na kumwambia kwamba mtoto huyu kaokolewa na kazi ya binti yake. Mimi huinuka nikaangalia chai. Naona aibu. Kila mara nakusudia kumwambia, na kila mara naona nitakuwa namnyang'anya kwa mara ya pili.