Tangawisi ya Mama Kapinga

Mama Kapinga hakukuwa anapenda bantu, na bantu nabo hawakukuwa banamupenda. Alikuya na treni kutoka Kasai pamoja na bwana yake Stanislas, mutumikaji wa mine ya shaba, na mu mufuko alileta kipande kimoja ya tangawisi. Aliipanda nyuma ya nyumba, mu kambi yetu, hapa Élisabethville.

Miye nilikuwa ninasimama pale kila siku nikitoka ku masomo. Muntu wa kikohozi, Mama alimutwangia na chumvi, atafune. Wa kichwa, alimupakaa ku paji. Mwanamuke aliyezaa, alimuchemushia maji makali, anywe mara tatu, tumbo ipate moto na damu mubaya itoke. Nikamuuliza juu ya nini inachoma namna ile.

"Juu ya kufunga kinywa ya batoto," akanijibu.

Asubui, bamama ba ku robine ya maji, pembeni ya nyumba yake, balimuita mulozi. Mangaribi, balipita ku mulango wa nyuma kuomba dawa. Alibapa. "Kunywa. Na usinisalimie."

Siku moja mu 1951, Casimir, kapita mwenye kusimamia kambi, alikuya na panga. Muzungu mukubwa wa kambi alikataza dawa ya kienyeji: bagonjwa baende ku disipanseri tu. Dawa yote ikatwe, na nyumba yenye kupatikana nayo tena, benyewe bafukuzwe.

"Weye mulozi wa Kasai, leo njo leo!"

"Kata, kapita. Panga umeleta, akili njo umeacha ku nyumba."

Bamama bakacheka. Casimir alijua tangawisi mu kikombe tu. Akakata majani yote, akafunga, akabeba ku bega kwenda kuonyesha muzungu. Nilifungua kinywa niseme: dawa iko chini, mu udongo! Mama Kapinga akanikanyaga muguu mpaka machozi ikatoka.

Kisha juma moja, Edith, bibi ya Casimir, akazaa. Tumbo ikamukata vibaya. Claudine, muloko yake wa tumbo moja, akakuya ku mulango wa nyuma.

"Hapana," Mama Kapinga akasema. "Casimir akuye mwenyewe. Ku mulango wa mbele, saa sita, wakati bamama biko ku robine."

Alikuya, uso imevimba na kasirani. Mama akamupeleka pale alikata majani.

"Chimba. Na mikono."

Kapita akapiga magoti, akachimba mbele ya kambi nzima. Akatoa kipande, akakivunja, harufu ikatufikia mpaka ku robine. Akabaki anakitazama.

"Ulinidanganya!"

"Haukuniuliza. Sasa enda kunishitaki kwa muzungu. Na umuambie ni nani aliichimba."

Casimir alitazama makucha yake yenye udongo, akatazama bamama. Hakuna hata mumoja aliyecheka tena. Balikuwa banangojea jibu.

"Ninakuchukia, mama."

"Miye pia. Chemusha mpaka maji ipate rangi. Na Edith asiinywe baridi."